Faini ililipwa siku ile ile

Kijana huyu nilimwona kwanza mwaka 2022, amekaa kwenye benchi la nje ya chumba tunachokiita ofisi, bahasha ya kaki mapajani, kofia mkononi. Mimi si wakili. Ni msaidizi wa kisheria hapa Mombasa: nasoma karatasi za watu wasio na pesa za wakili, nawaambia zasema nini, na pakihitajika mtu wa kusimama mbele ya jaji natafuta wakili wa kujitolea. Jina la kijana silitaji, wala mahakama iliyohusika, wala kituo cha polisi. Mwenyewe ameridhia kisa kiandikwe.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Umekuja na nini?"

Akatoa karatasi mbili. Moja ilikuwa cheti cha polisi cha tabia njema, kile ambacho mjini watu hukiita gudi kondakti. Ya pili ilikuwa risiti ya mahakama ya mwaka 2014, imekunjwa hadi mikunjo imeanza kuchanika. Cheti kilikuwa na maelezo ya hatia: kosa, mwaka, mahakama, faini shilingi 5,000.

"Mama, mimi sijafungwa hata siku moja. Hii yatoka wapi?"

Nikamwonyesha kwa kidole pale palipoandikwa kosa. Kupatikana na bangi.

"Ile? Ile si tulilipa?" Akanisogezea risiti.

Mama yake ndiye aliyeihifadhi risiti ile miaka minane, ndani ya mfuko wa plastiki pamoja na kadi za kliniki za watoto. Kwa familia ile, risiti ilikuwa ushahidi kwamba jambo limekwisha, na kwa upande wa faini walikuwa sahihi kabisa.

Ilikuwa Ijumaa usiku, Kisauni. Vijana sita walikuwa barazani wanacheza karata, msako ukapita. Wawili wakakimbia, wanne wakapandishwa gari. Askari waliokota misokoto miwili chini ya baraza, na yeye ndiye aliyekuwa amekaa karibu nayo zaidi. Alikuwa na miaka 19. Nilipomuuliza kama ilikuwa yake hakujitakasa: "Siku zile nilikuwa navuta, mama, sikudanganyi. Lakini ile haikuwa yangu."

Ibara ya 49 ya Katiba ya Kenya yataka aliyekamatwa afikishwe mahakamani ndani ya saa 24, na saa hizo zikiishia siku isiyo ya kazi, basi siku ya mahakama inayofuata. Ndiyo maana Ijumaa usiku ni wakati mbaya wa kushikwa: hesabu yako ni Jumatatu. Siku hizo za seli zilitosha kumpa elimu ya sheria, kutoka kwa waliomtangulia humo. Kubali, kijana. Sema ni kweli, hakimu atakupiga faini, alasiri uko kwa mama'ko. Ukikataa, dhamana hutaiweza, waenda rumande, na kesi itapigwa danadana mwaka mzima.

Watu wakisikia kisa hiki wamekaa sebuleni huuliza kwa nini alikubali kosa lisilo lake. Swali hilo huniudhi kidogo. Ushauri wa seli haukuwa wa kijinga. Kila kitu walichomwambia kilikuwa kweli: faini ilikuwa ndogo, dhamana asingeiweza, na rumande ya Shimo la Tewa si mahali unapompeleka mtoto wa miaka 19 kwa hiari. Walikosa jambo moja tu, nalo halikuwa la kujulikana ndani ya seli ile.

Jambo hilo lilikuwa limeshatokea Jumapili, naye hakulitilia uzito. Askari alimwita mezani, akamshika mkono, akamviringisha vidole kumi kimoja kimoja kwenye wino mweusi, kisha kwenye karatasi yenye visanduku. Kinachomkera hadi leo anapokumbuka ni wino wenyewe: alisugua kwa sabuni ya kipande, akasugua kwa mchanga, ukakaa kwenye kucha siku nzima ya pili. Hakuna aliyemwambia karatasi ile inakwenda wapi.

Jumatatu akasema ni kweli. Faini 5,000 au kifungo cha miezi miwili. Mama yake, anayeuza mahamri na mbaazi asubuhi, alichukua pesa za chama ambazo zamu yake haikuwa imefika, na deni lile alilimaliza kwa miezi mitano. Saa tisa alasiri mtoto alikuwa nyumbani anakula.

Tulipopata nakala ya mwenendo wa kesi (miezi mitatu ya kwenda na kurudi, faili likiwa ghala fulani, kisha ghala jingine), nilisoma ukurasa mmoja. Kesi nzima ilikuwa ukurasa mmoja wa mwandiko wa mkono, na hata haukujaa. Mashtaka yamesomwa kwa lugha anayoielewa mshtakiwa. Mshtakiwa: Ni kweli. Maelezo ni kama yalivyo kwenye hati ya mashtaka. Mshtakiwa: Maelezo ni sahihi. Upande wa mashtaka: hana rekodi ya awali. Mshtakiwa: Naomba msamaha. Kisha adhabu na sahihi.

Nimesoma kurasa za namna hii nyingi, lakini hii niliirudia mara kadhaa kwa sababu ya mstari mmoja: maelezo ni kama yalivyo kwenye hati ya mashtaka. Tangu mwaka 1973, Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki katika kesi ya Adan dhidi ya Jamhuri iliweka utaratibu wa kupokea kukiri kosa. Mashtaka yasomwe kwa lugha ambayo mshtakiwa anaielewa, jibu liandikwe kwa maneno yake mwenyewe, kisha mwendesha mashtaka aeleze kilichotokea, na mshtakiwa apewe nafasi ya kupinga au kuongeza neno. Hatua ile ya maelezo si mapambo. Hapo ndipo kijana angesikia kwa masikio yake kwamba anadaiwa kuwa na misokoto miwili mfukoni, na hapo ndipo angesema la, ilikuwa chini. Hakimu angesikia hivyo, angeandika kwamba amekana. Badala yake maelezo yalirukwa, na neno "ni kweli" likabaki limening'inia bila kitu cha kulishikilia.

Kwa miaka saba iliyofuata rekodi haikumgusa. Alibeba magunia soko la Kongowea, akafanya mjengo, akawa utingo wa lori la mchanga. Hakuna mwenye lori anayemuuliza utingo karatasi. Mwaka 2019 akapata leseni ya kuendesha, na 2022 sako moja ya matatu, yaani ushirika wa wenye magari, ikamkubali kwa maneno, kwa sharti alete beji ya gari la abiria. Beji hiyo, Mamlaka ya Kitaifa ya Usafiri na Usalama Barabarani huitoa kwa mwenye cheti cha tabia njema. Akajaza fomu ya eCitizen, akalipa elfu moja na ushee, akaenda Huduma Centre akaweka vidole kumi tena. Makao makuu ya Idara ya Upelelezi wa Jinai, barabara ya Kiambu jijini Nairobi, alama hizo hulinganishwa na zilizohifadhiwa. Vidole vya mtu wa miaka 27 vikakutana na vya yule wa miaka 19.

Meneja wa sako si mtu mbaya; nilizungumza naye. Alimwambia: "Wewe nakujua, karatasi yako siijui." Magari si yake, ni ya watu, na wenye magari wakisikia dereva ana kesi ya bangi hawatauliza ilikuwa misokoto mingapi wala mwaka gani. Wapo wanaomlaumu meneja kwa roho mbaya. Mimi naona alifanya kile ambacho karatasi ile imetengenezwa kumfanya afanye. Huko Milwaukee, Marekani, mtafiti Devah Pager aliwatuma vijana kuomba kazi za chini wakiwa na sifa zinazofanana, tofauti ikiwa rekodi ya jela na rangi ya ngozi tu, na mwaka 2003 akachapisha matokeo. Wazungu wasio na rekodi waliitwa tena asilimia 34, wenye rekodi 17. Weusi wasio na rekodi 14, wenye rekodi 5. Waajiri wale nao hawakuwa wakatili wa kipekee. Walikuwa na maombi mengi mezani na sababu moja rahisi ya kuyapunguza.

Kinachonishangaza zaidi ni kazi gani zinadai cheti hiki. Usiniambie ni kazi za siri za serikali. Ni dereva wa matatu na kondakta. Ni bawabu wa getini, ambaye tangu Sheria ya Udhibiti wa Usalama wa Kibinafsi ya 2016 lazima asajiliwe. Ni mwalimu. Ni kijana anayetafuta kazi ya ulinzi Doha au udereva Jeddah, maana wakala hataanza safari yako bila cheti hicho. Ukiwa mtoto wa Kisauni usiye na shahada, hizo ndizo ngazi za kwanza za kutoka kwenye kubeba magunia, na karibu zote zina mlango huo huo. Sasa fungua Katiba, ibara ya 99, usome nani hawezi kugombea ubunge. Anayezuiwa kwa sababu ya kifungo ni yule ambaye, siku ya kujiandikisha au siku ya uchaguzi, yuko chini ya adhabu ya kifungo cha miezi sita au zaidi. Faini ile pekee isingemzuia kijana wetu kugombea tangu kesho yake. Kutunga sheria za nchi aruhusiwa. Kukusanya nauli ya Mtwapa, mpaka ajieleze.

Na kujieleza kulimshinda. Baada ya sako ile hakuomba kazi nyingine ya karatasi kwa mwaka mzima. Nilimwambia kwamba mwaka huo huo wa 2022 Sheria ya Ajira ilirekebishwa, kwamba mwajiri asidai vyeti vya aina hii hadi awe amekusudia kukuajiri. Alinitazama kwa heshima na hakuamini hata kidogo. Habari zilishafika mtaani kwa namna yake. Wazee wa msichana aliyetaka kumposa walisikia kwamba ana "rekodi" kabla barua ya posa haijaandikwa, na rekodi ikisafiri kwa mdomo haibebi tarehe wala kiasi cha faini. Posa haikwenda. Sitalitia hilo kwenye hoja ya kisheria, kwa sababu hakuna mahakama itakayolisikiliza, lakini nikimuuliza yeye kilichomuuma zaidi ni hicho, si matatu.

Mahali palipokuwa pa kuzuia haya yote, nikiangalia ukurasa ule, ni asubuhi ile ya Jumatatu. Sheria ilikuwa na chombo mkononi. Kifungu cha 4 cha Sheria ya Probesheni, sura ya 64, chamruhusu hakimu, akiona kosa limethibitika lakini mkosaji ni kijana, tabia yake si mbaya na kosa ni dogo, amweke chini ya afisa wa probesheni bila kumtia hatiani. Bila kumtia hatiani: maneno hayo yamo ndani ya sheria. Kifungu cha 35 cha Kanuni ya Adhabu nacho chamruhusu kumwachilia pasipo adhabu, kwa masharti au bila masharti. Lakini hakimu mwenye orodha ndefu ya Jumatatu hatafikia huko peke yake. Yahitaji mtu asimame aseme mheshimiwa, huyu ana miaka 19, naomba ripoti ya probesheni. Hakukuwa na mtu. Sheria ya Msaada wa Kisheria ilikuja 2016, miaka miwili baadaye. Angekuwa na miaka 17, hata maneno "hatia" na "adhabu" yasingetumika juu yake, maana Sheria ya Watoto ya 2001 ilikataza. Alipitwa na mwaka mmoja na miezi.

Wala hapakuwa na mtu aliyelazimika kumwambia kuhusu rekodi. Mtu aweza kusema hilo ni la kawaida, hakimu hawezi kumhesabia kila mshtakiwa matokeo ya maisha yake yote. Marekani walibishana jambo hilo hilo juu ya dereva mwingine, José Padilla, mzaliwa wa Honduras aliyeishi Marekani kihalali zaidi ya miaka 40 na kupigana Vietnam. Alikamatwa Kentucky na shehena ya bangi ndani ya lori lake. Wakili wake akamwambia asihofu uhamiaji, ameshakaa sana nchini. Akakiri kosa, na kukiri kule kukawa tiketi ya kufukuzwa nchini. Mwaka 2010 Mahakama ya Juu ikaamua kwamba wakili asiyemwambia mteja wake hatari ya kufukuzwa hajafanya kazi yake. Padilla alikuwa na wakili wa kumlaumu. Wetu alikuwa na washauri wa seli.

Muda nao. Uingereza ina sheria tangu 1974 inayosema hatia ndogo zinazeeka. Kwa kanuni za sasa, aliyepigwa faini huhesabiwa ametakasika baada ya miezi 12, na kwa kazi za kawaida halazimiki kuitaja. Afrika Kusini, baada ya miaka 10, mwenye kosa dogo aweza kuomba rekodi ifutwe. Kenya haina sheria ya jumla ya namna hiyo kwa mtu mzima. Kuna msamaha wa Rais kupitia ibara ya 133, ambao nimeuona ukiombwa na waliofungwa maisha, sijaona ukiombwa kwa faini ya 5,000. Kwa hiyo adhabu iliyotamkwa na hakimu ilikuwa na mwisho, miezi miwili au risiti, na ile ambayo hakuitamka haina.

Tulichofanya ni hiki. Wakili wa kujitolea alisoma ukurasa ule akapiga mluzi aliposoma mstari wa maelezo. Lakini njia ni nyembamba. Kifungu cha 348 cha Kanuni za Mwenendo wa Makosa ya Jinai kinamnyima aliyekiri kosa rufaa dhidi ya hatia. Abishe ukubwa au uhalali wa adhabu tu. Mahakama Kuu huvuka hapo pale kukiri kwenyewe kunapokuwa na kasoro. Muda wa rufaa ni siku 14, nasi tulikuwa na miaka minane, ingawa kifungu cha 349 kinamruhusu jaji kupokea rufaa iliyochelewa akiona sababu nzuri. Sababu yetu ilikuwa kwamba hakujua ana jambo la kukatia rufaa mpaka cheti kilipotoka. Upande wa serikali ukajibu kwamba alijua alitiwa hatiani siku ile ile, alikuwepo. Wote wawili wanasema kweli. Ombi limeahirishwa mara tatu hadi ninapoandika.

Katikati ya hayo, Jumatatu moja saa kumi na mbili na nusu asubuhi, simu yangu ikalia.

"Mama, wamemshika mdogo wangu. Kama mimi, vivyo hivyo. Hakimu aingia saa tatu. Nimwambie asikubali?"

Nilikaa kitandani. Ni rahisi kusema asikubali ukiwa si wewe utakayelala rumande. Nikamuuliza: "Alikuwa nayo, hakuwa nayo?"

"Hakuwa nayo. Wallahi."

"Basi aseme hivyo hivyo. Na wewe anza kutafuta pesa za dhamana sasa hivi."

Mdogo akakana. Dhamana ya pesa taslimu 10,000 ilipatikana Jumatano, kwa hiyo alilala rumande usiku mbili. Kibarua chake cha gereji kikapewa mwingine wiki ya tatu, kwa sababu kila tarehe ya kesi ni siku isiyolipwa, na mashahidi wa upande wa mashtaka hawakufika mara nne. Mama yao alinilaumu mimi, na kwa miezi kadhaa sikuwa na la kumjibu. Mwishowe mwendesha mashtaka aliondoa kesi chini ya kifungu cha 87(a). Kuondolewa huko si kuachiliwa kabisa. Kesi yaweza kurudishwa.

Na vidole vyake vilishachukuliwa siku ile ya kituo, safari hii pia. Kesi ikiisha bila hatia, Nairobi haijui mpaka matokeo yapelekwe, na yasipopelekwa mtu hukuta cheti chake kinaonyesha kesi ambayo bado inasubiri. Kwa hiyo ndugu wawili wamekata tiketi za basi la usiku Alhamisi, wana nakala ya amri ya mahakama yenye muhuri, wakaifuatilie wenyewe barabara ya Kiambu. Nimewaambia watoe nakala tatu. Mkubwa ameniuliza kama abebe na risiti yake ya 2014, kwa kuwa anapita hapo hapo. Nikamwambia aiache nyumbani kwa mama, isije ikachanika.